Siku Baba alipokaa kiti cha nyuma

Jumapili iliyopita mwanangu alifungua droo aliyokatazwa kuifungua, akatoka na picha. Akaitazama, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, akaitazama tena.

"Mama, kwani babu alikuwa waziri?"

Simlaumu. Kwenye picha kuna gari jeusi linalong'aa, mlango wa nyuma wa kulia uko wazi, na ndani amekaa mzee wa koti la kijivu, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Ukingoni unaonekana mkono wa mtu wa suti umeushikilia mlango. Ukiwa na miaka sita, hiyo ni picha ya waziri. Hata ukiwa na arobaini.

Mnaonisoma siku nyingi mnamjua Baba. Ni yule yule wa kile kisa cha Land Rover na yule yule wa kisa cha mbuzi wa Gairo. Miaka 36 dereva wa serikali, na kabla ya hapo utingo kwenye mradi wa Waholanzi wa visima vifupi pale Morogoro, alikoanza 1979. Alistaafu 2017 na goti moja bovu, la kushoto. Goti la klachi, mwenyewe analiita hivyo. Mwaka uliofuata, Aprili, akapanda ndege kuja mahafali yangu Delft, Uholanzi, na mimi nikajiapiza kwamba safari hii ataendeshwa yeye.

Nikabana posho yangu miezi saba. Bei sitaitaja, mama yangu husoma hapa. Nusu siku, gari binafsi na dereva wake, kutoka Amsterdam kwenda mashambani upande wa kaskazini, kisha mnarudishwa mlipochukuliwa. Treni na basi kwa goti lile ningemtesa, na baiskeli ndiyo kabisa tusiizungumzie.

Saa tatu kamili asubuhi gari likasimama mlangoni kwa dada tuliyefikia kwake. Akashuka mzee wa Kiholanzi, mrefu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, viatu unaweza kujiangalia. Kabla hajafika upande wetu, Baba alikwishatembea moja kwa moja hadi mlango wa mbele wa kulia na kuufungua. Akainama kuingia. Akakuta kiti, saa ya dashibodi, na mbele ya kiti hakuna kitu.

"Usukani wameupeleka wapi?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Dereva alidhani mgeni anataka kukaa mbele, akasema karibu, hamna shida. Nikamwambia hapana, huyu ni wa nyuma. Akamfungulia wa nyuma, wa kulia. Baba akausoma ule mpangilio mara moja, kwa sababu hiyo ni elimu yake: bosi hukaa nyuma, upande ambao dereva hayupo. Kwetu ni kushoto, kule ni kulia. Akaniangalia. Nikapiga picha. Ndiyo hiyo.

Basi tukaondoka, na kwa nusu saa ya kwanza Baba alifanya kazi kuliko dereva. Kila breki ilipokanyagwa mbele, mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia nyuma. Tulipofika kipilefti cha kwanza akashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili, "Anaingilia upande wa kufa huyu!" Kwao kipilefti huzungukwa kinyume na kwetu. Nilikuwa nimeshazoea, nikasahau kwamba mtu anaweza kufika kule kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 36 ya upande mwingine mwilini.

Mandhari ilikuwa ile mnayoiona kwenye kalenda, siwachoshi. Barabara imenyooka kama imepigwa rula, mitaro imenyooka, mashamba ya mraba, vipande viwili vitatu vya tulipu, nyekundu kali mpaka unahisi mtu amemwaga rangi. Nyumba za wakulima zina paa kubwa la ncha moja juu, kama piramidi, na zamani watu, ng'ombe na majani makavu walikaa wote chini ya paa hilo hilo. Tulikuwa Beemster. Dereva akasema hapa palikuwa ziwa. Wafanyabiashara wa Amsterdam walichanga fedha wakazungushia tuta na mfereji, wakasimamisha vinu vya upepo vya kuvuta maji. Mwaka 1610 kazi ikiwa karibu kwisha, dhoruba ikavunja tuta la bahari, ziwa likajaa tena. Wakaanza upya. Mwaka 1612 pakakauka. Sehemu kubwa ya pale iko kama mita tatu na nusu chini ya usawa wa bahari.

Nikamtafsiria Baba. Kiingereza chake ni cha kazini, kina tairi, mafuta, na saa ya kumfuata mtu uwanja wa ndege. Mita tatu na nusu aliielewa bila mimi.

"Na pampu zikizimika?"

Nikauliza. Dereva akamwangalia kwenye kioo. "Hatuzizimi," akasema.

Kisha akatupandisha juu ya tuta, akasimamisha gari pembeni kwenye mteremko, tukashuka.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Upande wa kushoto wa tuta kuna ule mfereji mkuu unaoizunguka Beemster yote, maji meusi yametulia, na mashua ndogo ya mzee na mbwa wake inapita taratibu. Upande wa kulia tuta linashuka, na chini kabisa kuna ng'ombe. Siyo mbali na ng'ombe. Juu ya ng'ombe. Ile mashua ilikuwa inapita juu kuliko migongo yao, juu kuliko mlango wa zizi. Mimi nilikuwa nimesoma mambo ya maji mwaka na nusu, nimechora michoro yake, nimefanya mitihani yake, na bado kichwa kilikataa.

Baba alichuchumaa, goti na yote. Akafumba jicho moja kama fundi anayepima meza, akatazama maji, akatazama ng'ombe, akatazama maji. Nilijua anakumbuka nini, maana Rufiji anaisimulia mpaka kesho: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, pantoni ya Ndundu ikigoma unalala pale na bosi wako mpaka maji yaamue. Baba amesubiri sana maji yaamue.

Akainuka. Nikadhani atasema neno kubwa. Akaangalia gari.

"Amevuta hendibreki?"

Nikasema Baba, gari jipya hilo, linajivuta lenyewe. Akaguna. Akaanza kutembea ukingoni mwa nyasi, macho chini. Akaenda hatua ishirini, akageuka, akarudi kwa upande wa pili. Dereva akaniuliza kwa upole kama mzee amepoteza kitu. Nikaona aibu, naikumbuka mpaka leo ilivyonipanda shingoni, kwa sababu nilikwishajua.

"Anatafuta jiwe," nikasema.

"Jiwe?"

"La kuweka nyuma ya tairi."

Mnajua tulivyo. Gari likisimama mlimani, utingo anaruka na jiwe kabla halijatulia, na utingo asiye na jiwe siyo utingo. Baba alianzia hapo. Sasa amezunguka tuta la Beemster dakika nzima na hajaona hata kokoto, kwa sababu hakuna. Ile ni sakafu ya ziwa, udongo wa mfinyanzi mtupu. Dereva akaniambia mawe yanayojengea matuta yao ya baharini mengi yametoka nchi nyingine, kwa meli. Nikamtafsiria Baba.

"Nchi nzima haina jiwe?" Akasimama mikono kiunoni. "Sasa magari yao wanayazuia na nini?"

Ile sikuitafsiri. Lakini dereva alikuwa anamtazama Baba, siyo mimi. Akarudi kwenye gari, akaingia, akawasha. Akazungusha usukani wote mpaka tairi za mbele zikalalia upande wa ukingo wa nyasi, mbali na mteremko, ili gari likitoroka liishie kwenye tuta. Akazima. Akashuka, akafunga mlango, akasimama kando yake na mikono mbele, kiganja juu ya kiganja. Nimeuona huo msimamo utoto wangu wote, nje ya hoteli, nje ya ofisi za mkoa, nje ya misiba ya watu wakubwa.

Baba akaziangalia tairi. Akamwangalia yule mzee.

"Good," akasema.

Basi. Baada ya hapo ndipo alipoyarudia maji na ng'ombe wake, akatazama kwa raha, akanikumbusha wale wataalamu wa Morogoro waliokuwa wakizunguka vijijini wanatoboa ardhi. "Kwetu walikuja kutafuta maji. Kumbe kwao wanayafukuza." Akacheka peke yake muda mrefu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. De Rijp, kijiji alikozaliwa Leeghwater, seremala na mjenzi wa vinu aliyefanya kazi ya kuikausha Beemster. Schermerhorn, ambako vinu vitatu vimesimama mstari mmoja, masalia ya vinu 52 vilivyolikausha ziwa la Schermer mwaka 1635. Kinu kimoja hakiwezi kunyanyua maji mpaka juu, kwa hiyo kimoja kilimpokeza mwenzake, kama watu wanavyopokezana ndoo nyumba ikiungua. Ngazi za ndani zimesimama kama za dari, nikapanda peke yangu. Nilipochungulia dirishani niliwaona wazee wawili chini, boneti imefunguliwa. Lugha waliyotumia siijui.

Marken ndiyo kituo cha mwisho. Kilikuwa kisiwa mpaka 1957 walipojenga barabara juu ya tuta, na magari ya wageni huachwa nje ya kijiji. Dereva akasema atatusubiri pale pale maegesho. Tukaingia mgahawa wa bandarini, nikaagiza zile chapati zao za maji, kubwa kama sinia, na sukari ya unga.

"Dereva amekula?"

Nikasema ana mkate wake, nimeuona.

Akakata kipande. Akakiacha kwenye uma. "Umemuona akila?"

Baba, huyu analipwa, nikasema, na kampuni ina utaratibu wake. Hakujibu. Aliponiuliza mara ya tatu chapati yake ilikuwa imebaki nusu. Akaifunga kwenye leso za karatasi, tabaka tatu, akaibeba mpaka maegesho kama anabeba dawa. Yule mzee akaipokea, akasema asante, akaiweka kwenye mfuko wa mlango wake. Sijui kama waliwahi kumfundisha cha kufanya na nusu chapati ya mgeni.

Tulipofika Amsterdam, Baba alisubiri. Hii nayo niliiona: asubuhi alikimbilia kujifungulia mlango mwenyewe, safari hii alitulia mpaka akafunguliwa. Akashuka, akampa mkono yule mzee, na mkononi mlikuwa na noti. Euro 50. Ile ile niliyompa Baba ya dharura, na mimi wakati ule euro 50 ilikuwa chakula cha wiki mbili. Nilifoka ngazi zote mpaka ghorofa ya tatu.

"Kampuni umelipa," akasema, anahema, goti linamuuma. "Dereva hujamlipa."

Usiku nikamuuliza, kwa unyonge wa mtu aliyetumia akiba ya miezi saba, kitu gani kilichompendeza. Nilitegemea aseme maji na ng'ombe. Akafikiri sana.

"Nimeangalia sana kisogo cha yule mzee," akasema. "Saa nne nzima. Unajua sikuwahi kujua kisogo cha dereva kikoje?" Akajipapasa nyuma ya kichwa. "Kumbe wanaona mpaka kola."

Akalala. Mimi sikulala vizuri, na sijui hasa kwa nini.

Basi Jumapili, badala ya kumjibu mtoto, nikapiga simu Morogoro nikampa. "Shikamoo babu. Babu, ulikuwa waziri?" Nikasikia kicheko, kikohozi, halafu maelezo marefu ambayo mtoto aliyaitikia "eeh, eeh" bila kuelewa. Kisha akanirudishia simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Ile picha bado unayo?"

"Ninayo."

Kimya kidogo. Nyuma yake jogoo anawika saa kumi jioni, jogoo wa Baba hajawahi kujua saa.

"Yule mzee, ile chapati aliila?"

"Aliila, Baba."

"Hukumuona," akasema.