Sindano ya faibroidi ilinizidishia damu kwanza, na sikuacha

Mnaoambiwa "sindano imekukataa" wiki za mwanzo, hebu nisikilizeni mimi niliyemaliza dozi.

Faibroidi zangu, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, zilikuwa kubwa, hedhi mabonge kwa mabonge, damu imeshuka mpaka ngazi za kazini napumzikia katikati. Daktari akasema kwanza sindano ya goserelin miligramu 3.6 kila siku 28, uvimbe upungue, damu ipande, ndo upasuaji. Laki kadhaa kila mara, kikoba kilinibeba.

Basi nimechomwa, nangoja damu ikate, ikaja kwa fujo kuliko zamani! Shangazi akaja juu, "Mwanangu acha hiyo kitu", muuza duka la dawa naye akamuunga mkono, jirani kaleta chupa ya mizizi, nikaimwaga. Mimi nilishambana daktari kwa maswali kabla sijachomwa, kwa hiyo nilikuwa naisubiri hiyo fujo.

Nikamkalisha shangazi. Ubongo unatuma homoni ya GnRH kwa vipindi, kila dakika 60 hadi 90 hivi nusu ya kwanza ya mzunguko, inashika vipokezi, yaani milango ya seli inayopokea homoni, kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, tezi inatoa homoni za LH na FSH, hizo zinaamsha ovari zitengeneze estrojeni, homoni ya kike, faibroidi inanenepa. Goserelin inaiga GnRH ila haipumziki. Shangazi, mtu akipiga hodi akatulia si unamfungulia? Akigonga kutwa kucha, mwanzo utatoka mbio, baadaye utamwacha agonge mpaka achoke. Ndo hivyo, mwanzoni LH na FSH zinapanda na estrojeni nayo, halafu seli zinavuta vipokezi ndani, vinavyobaki juu havisikii tena, estrojeni inaporomoka. Inachukua kama wiki tatu, maana kipokezi hiki kwetu binadamu hakina mkia upande wa ndani wa seli, ule ambao vipokezi vingine hukamatwa nao na kuzimwa ndani ya dakika chache.

Shangazi akauliza, "Sasa nani kahakikisha?" Tumbili! Mwaka 1978 huko Marekani mwanasayansi Ernst Knobil na wenzake walichukua tumbili ambao GnRH yao wenyewe imezimwa, wakiwapa GnRH mara moja kwa saa LH inatoka, wakiwapa mfululizo inashuka, wakirudi kwenye vipindi inapanda tena. Shangazi akaguna, akaenda kupika.

Sindano yenyewe nene jamani, inaacha kijiti cha dawa chini ya ngozi ya tumbo. Ujanja wangu nilikuwa nabeba barafu ya ubuyu kwenye chupa ya chai, nikifika foleni naibana tumboni ndani ya leso mpaka pafe ganzi, nikiitwa nimeshapoa, na nikitoka naila. Manesi walicheka mwanzo, baadaye wakawa wanawaambia wagonjwa wengine waje na barafu.

Hedhi ikakata. Yakaja majoto ya ghafla, usiku nalala sakafuni kwenye vigae, mume kitandani peke yake analalamika feni kali. Mifupa nayo inapungua ndo maana hawakupi miezi mingi, muulize daktari habari ya kalsiamu. Vidonge vya chuma usinywe na chai, vitapita bure. Na usichelewe tarehe kwa sababu "nimeshapona", dawa ikiisha vipokezi vinarudi kazini na uvimbe unakua upya, mimi niliweka alamu mbili kwenye simu, ya pili kwenye simu ya shangazi.