Mkeka wangu wa mwezi

Leo nimejaza kijumba cha mwisho cha mwezi kwenye daftari ninalofuatilia mazoea yangu ya kila siku, na bado nimekaa nauangalia ukurasa. Nilianza na kaunta buku ya kawaida, rula na kalamu za rangi nne. Njia yenyewe, ya kupanga mambo yako kwenye daftari, huitwa bullet journal; aliibuni Ryder Carroll, mbunifu wa Marekani, akaitangaza mwaka 2013. Yake ni nukta na alama fupi fupi tu, haina mapambo. Mimi nikachora mkeka: mistari minne, vijumba 31 kila mstari. Kijani maji, bluu kutembea, njano kusoma, zambarau kulala kabla ya saa nne usiku.

Mstari wa zambarau ndio ulionishtua. Kila Jumapili usiku palikuwa peupe, na Jumatatu yake maji na matembezi navyo vimeruka. Miaka yote nikijiita mvivu wa Jumatatu, kumbe ni usingizi! Nilipoliona hilo kwa macho yangu, machozi yakanilengalenga.

Basi, Jumapili iliyopita saa tatu na nusu simu nikaiacha sebuleni. Asubuhi kijumba kile nilikipaka taratibu mpaka wino ukatokea upande wa pili wa karatasi. Mwezi ujao nachora kanga, na pindo lake litakuwa usingizi.