Maneno ya Baba

Septemba 2011 nilihamisha nyimbo za Baba kutoka kompyuta ya mezani, nyumbani Tanga, kwenda kwenye kompyuta mpakato yangu mpya. Nyimbo zilifika zote. Yaliyonusurika kwa bahati ni maneno yake.

Baba alikuwa na kanda 31, nyingi za dakika 90: taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapo Tanga, alizozivizia redioni, na nyingine alizozinasa mwenyewe kwenye harusi za Ngamiani, redio kaseti ikiwa juu ya kiti. Mwaka 2009 tulikaa naye karibu miezi mitatu tukiziingiza kwenye kompyuta. Waya mmoja tu, kichwa kimoja kwenye redio, kingine kwenye kompyuta, na kanda inaachwa icheze mpaka iishe, maana kazi hiyo haina njia ya mkato. Nilizihifadhi kwa WAV, faili zisizobanwa, ili sauti isipungue hata chembe. Dakika moja hula kama megabaiti 10, kwa hiyo kanda moja karibu megabaiti 900.

Kanda ikizunguka, Baba anasimulia: nani anapiga fidla, harusi ilikuwa ya nani, kwa nini watu wanacheka katikati ya ubeti. Nami naandika pale pale, kwenye safu ya maelezo ya programu ya muziki. Mwaka uliofuata alifariki.

Siku ya kuhamisha nilikopi folda nzima ya muziki kwenye diski ya nje, nikamwachia mdogo wangu ile kompyuta. Mnunuzi alishatoa arbuni, kilichobaki ni kuifomati. Nikapanda basi la Dar.

Usiku nikafungua diski. Faili mia tatu na kitu, zote zimeandikwa "upande A 01", "upande A 02". Safu ya maelezo tupu. Nikabofya mmoja: sauti safi, mwanamke anaimba, kisha ubeti wa tatu unakatika ghafla, ta! Sikukumbuka ni nani wala kwa nini.

Nikaelewa kosa langu. Faili ya MP3 hubeba jina lake ndani yake. Zile WAV zangu hazikubeba kitu. Yote tuliyoandika yalikaa kwenye daftari la programu, faili moja ndogo iliyokuwa folda nyingine kabisa. Sikuikopi.

Nilipiga simu mara tatu haikupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Ushaifuta?"

"Shikamoo dada. Kufuta nini?"

"Kompyuta!"

"Bado. Umeme umekatika tangu saa saba mchana, haujarudi."

Ulikuwa mwaka wa mgao, wote tuliulalamikia. Usiku ule nilikaa sakafuni nikalia.

Kesho yake mdogo wangu alilikopi daftari kwenye flashi, akaenda kulituma kwa barua pepe. Lilikuwa na megabaiti mbili hivi. Nililiweka mahali pake, na bado kila wimbo ukawa na alama ya mshangao: kompyuta huipa kila diski herufi yake, na daftari lilikuwa linazitafuta nyimbo kwenye D, ilhali diski yangu ilikuwa E. Herufi D ilikuwa imeshikwa na kisomea DVD. Nikakipa herufi nyingine, nikaipa diski D, nikafungua tena programu.

Majina yakajaa kwenye skrini toka juu hadi chini. Nikautafuta ule wimbo unaokatika. Kwenye maelezo, kwa maneno yake kama nilivyoyaandika: "Hapa nilizima. Mama yako alipita na sinia la wali, nikamfuata nimsaidie kubeba. Ndiyo siku tuliyozungumza mara ya kwanza."

Nikampigia Mama, nikamsomea. Akaniambia niucheze. Nikasogeza simu karibu na spika, tukasikiliza wote mpaka pale kwenye ubeti wa tatu.