Baki sifuri

Jana nilikuwa naingiza umeme wa LUKU, tarakimu 20, mwanangu ananisomea nne nne. Alipomaliza akauliza, "Mama, namba ndefu hivi inagawanyika kwa ngapi?" Nikamwambia ajumlishe tarakimu zote aone kama 3 inaingia. Akili yangu ilishafika barazani kwa Mjomba.

Likizo moja alituandikia sakafuni kwa chaki, mimi na binamu yangu: 4294967297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwaka 1640 Mfaransa Fermat aliamini namba za ukoo huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila mara kipeo kikiongezeka maradufu, kisha ongeza 1) zote ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65537, na hii inayofuata. "Haya, mgawanyeni," akasema, akaenda zake msikitini.

Tukajaribu 3, 7, 11, 13. Binamu akasinzia. Mjomba aliporudi ndipo akatoa siri: kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Mbona hakusema mapema? Alicheka tu. Kumbe namba tasa za kujaribu ni chache: 193, 257, 449, 577. Zote zikabakiza. Ikaja 641.

Hapo nakumbuka kila mstari. 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Mbili tu! Nilikasirika, nikaona imeponyoka. Shusha 6, haiingii. Shusha 7, haiingii. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448. Nikasita. 448 ile ile ya mwanzo, imerudi. Mara ya kwanza ilifuatwa na 9, ikazidi kwa 2. Safari hii tarakimu iliyosalia ilikuwa 7. Nilijua kabla sijaandika. 4487, mara 7, baki sifuri. Nilipiga kelele hadi shangazi akatoka jikoni na mwiko.

"Mwanahisabati Euler aliiona hiyo mwaka 1732," Mjomba akasema, wala hakunisifu. Nilinuna mpaka usiku. Siku hizi najiuliza ile furaha ilikuwa ya nani, maana njia alinionyesha yeye, na yeye alionyeshwa na vitabu. Lakini ile sifuri niliiandika kwa mkono wangu. Labda inatosha, labda najifariji.

Kisha akagonga kwa kidole jibu langu, 6700417. "Na hii je, ni tasa?"

Kompyuta imeshaniambia ni tasa. Kwa penseli nilifika 1153, tukaitwa kula.