Funza hawaogopi viatu vya Jumapili

Kila nikisema kamati yetu ya huduma za jamii ya kanisa ilifanya kazi ya kupambana na funza wa miguuni, swali la kwanza ni lile lile: "Viatu mlipata wapi?" Wengine hata hawaulizi, wanaleta. Mpaka leo stoo ya kanisa ina magunia ya mitumba, kiatu cha kushoto kipo, cha kulia hakijulikani kilipo.

Viatu vilishagawiwa, jamani. Kamati iliyotutangulia ilinunua raba nyeusi za wanafunzi, ikazipeleka kijiji kimoja huko ndani, barabara ya Sala Gate ukishapita Ganda, ikapiga picha, ikarudi Malindi mjini kula pilau. Nilipoingia ukatibu nilikwenda kuangalia. Raba zilikuwepo, tena safi, zimening'inizwa ukutani kwa kamba zake. Watoto pekupeku. Nikamuuliza nyanya mmoja mbona hawavai.

"Mwanangu, hivyo ni vya kwendea kanisani."

Na hata wangevaa kutwa nzima, usiku wanavua. Wanalala chini kwenye mkeka, na funza wako hapo hapo kwenye vumbi la sakafu. Hilo ndilo watu wa mjini hawataki kulisikia, kwa sababu kiatu kinapigika picha na sakafu haipigiki.

Funza jike ni kiroboto mdogo, milimita moja hivi. Anaingia pembeni mwa kucha au kisiginoni, anajichimbia, anaacha nje tundu dogo tu la kupumulia na kutagia. Baada ya wiki moja hivi ameshavimba kama punje ya choroko. Mayai yanadondoka kwa mamia ndani ya nyumba, yanaanguliwa kwenye vumbi, yanakulia humo humo, mzunguko unaanza upya. Na si mdudu wa kwetu. Kwao ni Amerika ya Kusini. Meli ilimleta Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshavuka bara zima mpaka pwani yetu. Nilipowaeleza wazee wa kijiji habari hiyo, mmoja akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi ni kama yule Mreno wenu wa nguzo ya Malindi, Vasco da Gama. Ila Mreno aliondoka."

Sasa ushauri. Katika kikao chetu cha kwanza mzee mmoja wa kanisa, namheshimu sana, alisimama akasema tusihangaike, tuwapake watoto mafuta taa. Mwingine akaongeza dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Mimi nilipakwa utotoni na niko hapa." Yuko, ni kweli, lakini dawa ya kupe ni sumu na mguu wenye funza una vidonda. Akina mama nao wakapendekeza pini. Pini moja familia nzima! Inatoka mguu huu inaingia mguu ule na damu yake, na pamoja na damu kuna homa ya ini na ukimwi, achilia mbali pepopunda ya pini chafu kwa asiyechanjwa. Bahati tuna nesi mstaafu kwenye kamati, mama asiyependa maneno mengi. Alisema atatumia maji ya pamanganeti ya potasiamu, dawa ya kuua vijidudu, kulowekea miguu, na wale waliozidiwa atawatilia mafuta ya dimetikoni. Mafuta haya si sumu. Unatia matone juu ya lile tundu, yanaliziba, funza anakosa hewa na kufia humo humo bila kuchokolewa. Ubaya wake ni bei. Tuliagiza Mombasa, pesa ikaenda, mweka hazina akaninunia wiki nzima.

Dawa tukawa nayo. Watu hatukuwapata. Mzee wa kijiji alitangaza kwamba wenye funza wakutane chini ya mkorosho asubuhi. Wakaja watoto wenye miguu mizuri kabisa, kuangalia gari. Nani ajitokeze mbele ya majirani kusema nyumbani kwangu kuna funza? Huku funza anaitwa uvivu, anaitwa uchafu, wengine wanasema ni laana, na anayesema hivyo ana maji ya mfereji uani kwake. Nyumba isiyo na maji itamwagia sakafu nini ili vumbi litulie?

Halafu kulikuwa na jambo jingine. Tangu mwaka 2023, ile miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge mpaka kufa ilipofukuliwa msituni Shakahola, upande huo huo wa bara, kanisa likiingia kijijini na jambo linalohusu watoto mtu ana haki ya kuuliza. Na walituuliza, bila kuzunguka. Kwa hiyo tulikwenda kwanza kwa chifu, tukamwachia mhudumu wa afya ya jamii wa pale pale atangulie mbele, na tukakubaliana hakuna mahubiri. Hakuna. Sala tulisali mjini kabla ya kupanda gari. Wapo wanakamati waliolalamika kwamba hiyo si huduma tena. Nikawaambia wabaki wakihubiri kwenye stoo yenye viatu.

Ujanja ulitoka kwenye Alhamisi Kuu, ile ya kabla ya Pasaka. Kila mwaka kasisi wetu huosha miguu ya watu kumi na wawili, nao huja wameshaiosha nyumbani, wameipaka na mafuta ya nazi. Nikamwendea nikamwambia, "Baba, mwaka huu tuoshe miguu ambayo haijaoshwa. Tena ya kila mtu." Akafikiri kidogo, akauliza maji yatatoka wapi. Nikajua amekubali.

Tuliita kijiji kizima kuoshwa miguu. Si wenye funza, kila mtu. Boza la maji lilitugharimu elfu kadhaa, mabeseni tuliazima kwa akina mama wa kanisa. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa naibu chifu, akifuatiwa na mzee wa kijiji, halafu mwalimu wa madrasa ambaye alituchekesha kwa kusema yeye huosha miguu mara tano kwa siku lakini leo amepata mtumishi. Kasisi amepiga magoti, mikono imekunjwa, anasugua kisigino cha naibu chifu kwa sabuni. Baada ya hapo nani aone aibu?

Pamanganeti tuliitia kwenye mabeseni yote, makusudi. Ile dawa huacha rangi ya kahawia kwenye kucha. Tungeloweka wagonjwa peke yao, wangetambulika kijijini siku nyingi. Kijiji kizima kikatoka na kucha za kahawia. (Chembe zake ziyeyuke kabisa, na maji yawe ya waridi hafifu tu. Yakikolea zambarau yanaunguza ngozi.) Mzee wetu wa mafuta taa alikuja na suruali nyeupe ingawa alionywa. Kasisi naye Jumapili iliyofuata aligawa meza ya Bwana kwa vidole ambavyo washarika walivitazama kuliko mkate.

Lakini kinachonifurahisha mpaka leo ni taulo. Hoteli moja ya ufuoni ilitupa taulo zake za zamani, nyeupe za vyumbani na buluu za bwawa la kuogelea. Tukapanga: anayeosha akiona funza, anamkausha mtu kwa taulo ya buluu, hasemi neno. Mwenye buluu anaongozwa nyuma ya nyumba "kukaushwa vizuri", na huko nesi anamsubiri na chupa yake. Mwenye nyeupe anapewa biskuti na kwenda zake. Ilikwenda vizuri mpaka watoto walipogundua kwamba buluu ni kubwa na laini zaidi. Wakaanza kuililia! Nesi akajikuta anapokea watoto wazima kabisa wanaodai haki yao. Akawapaka mafuta ya kawaida, akawapa biskuti ya pili.

Sakafu ndiyo kazi yenyewe, ingawa haina kichekesho. Vijana wa kwaya walichukua vumbi la mawe kwenye matimbo, wakachanganya na simenti, wakapiga sakafu tukianzia kwa nyanya wanaolea wajukuu. Pesa iliishia njiani. Nyumba zilizobaki tuliwaachia mpango wa kunyunyiza na kufagia, na mbuzi na mbwa walale nje. Kumtoa mbuzi ndani usiku, pale palipo na wezi, ni mazungumzo marefu kuliko kikao chochote cha kamati, na nyumba nyingine mbuzi alishinda. Nesi huenda kuangalia miguu kila akipata nauli. Ile nyumba ya raba ukutani, sakafu ilikauka vizuri, na mara ya mwisho visigino vya wale watoto vilikuwa vimefunga.

Makanisa mengine yameanza kuomba tuwaazime vifaa. Mabeseni wachukue. Taulo za buluu nimezifungia kabatini kwangu.