Mafua ya kaka, Januari 2018

Juzi tulipokuwa tunapanga sebule kwa ajili ya Idi, binti yangu aliniuliza kwa nini kiti cha Mjomba lazima kiwe dirishani, na kwa nini nimemwambia mama yake mdogo asije na mtoto anayetokwa kamasi. Mwaka ule alikuwa mdogo mno, hakumbuki.

Kaka yangu, huyo Mjomba wake, alikuwa amepandikizwa moyo miezi minne tu kabla. Mji wa Minneapolis ulikuwa barafu tupu, na homa ya mafua ya msimu ule, aina ya H3N2, ilikuwa inalaza watu Marekani nzima. Alikuwa amechanjwa, tena kwa sindano, maana chanjo ya kupuliziwa puani ina virusi hai na aliyepandikizwa haruhusiwi kuipata. Lakini mwili unaomeza maikofenoleti, dawa ya kushusha kinga ili moyo usikataliwe, mara nyingi hautengenezi kingamwili za kutosha hata ukichanjwa. Ndiyo maana wanaoishi naye nyumba moja lazima wachanjwe pia.

Wifi alinipigia jioni: kamasi kidogo, kikohozi kikavu, chakula hakitaki. Nikaenda na barakoa usoni.

"Mdogo wangu, mafua tu haya," kaka akasema.

Kipimajoto kilisoma 37.2. Hilo halikunituliza hata kidogo, kwa sababu prednisoni, dawa nyingine ya kushusha kinga, huweza kuzima homa, na mapafu yanaweza kuwa yanaharibika huku paji la uso ni la baridi. Mapigo yalikuwa 104. Nayo hayakunisaidia: moyo uliopandikizwa umekatwa mishipa ya fahamu inayoupunguza kasi, hivyo hupiga 90 hadi 110 hata mtu akiwa amepumzika. Kilichobaki ni pumzi. Nilimwomba anyamaze atazame televisheni, kwa kuwa mtu akijua anahesabiwa hubadilisha anavyopumua, nikashika saa na kuangalia blanketi likipanda na kushuka kifuani mwake kwa dakika nzima. Si nusu dakika ukazidisha kwa mbili, dakika nzima. Nikapata 24. Mtu mzima aliyetulia hupumua 12 hadi 20. Kisha nikamwambia anisimulie mechi. Alifika katikati ya sentensi, akakata, akavuta hewa, akaendelea. Wifi aliyekuwa amesimama mlangoni aliliona hilo bila kuambiwa.

Kipima oksijeni cha kidoleni kilionyesha 95. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani baadaye, mwaka 2020, ulilionyesha hilo waziwazi. Kwa hiyo 95 yetu sikuipokea kama 95.

Takrolimasi anayomeza kila baada ya saa 12 inazuia seli za kinga za aina ya T zisiukatae moyo. Seli hizohizo ndizo zinazoua seli zilizoingiwa na virusi. Virusi ambavyo kwangu vingeishia puani, kwake huweza kushuka hadi kwenye mapafu, na anaweza kuvitoa kwa wiki kadhaa hata akijisikia nafuu.

Tulipiga namba ya zamu ya kitengo cha upandikizaji, ile iliyobandikwa kwenye friji, kabla ya kuwasha gari. Hiyo ndiyo iliyotuepusha na foleni ya mapokezi iliyojaa wanaokohoa. Walimchukua moja kwa moja chumba cha peke yake, wakamwingiza kijiti cha pamba puani, wakaanza oseltamiviri, dawa ya virusi vya mafua, miligramu 75 asubuhi na jioni bila kusubiri majibu. Picha ya kifua ilikuwa na kivuli chini kulia. Daktari mmoja kijana aliandika klarithromaisini, antibiotiki ya maambukizi ya mapafu. Muuguzi wa upandikizaji akaikataa kwa simu palepale. Dawa ile inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja takrolimasi, hivyo kiwango chake hupanda kwenye damu na figo huweza kuumia. Balungi limepigwa marufuku kwao kwa sababu hiyohiyo, na siku hizi Paxlovid, dawa ya UVIKO-19, haitolewi hivihivi. Ibuprofeni pia haifai, kwa ajili ya figo.

Maikofenoleti ilipunguzwa nusu, na madaktari ndio walioipunguza. Nalisisitiza kwa sababu wapo wanaoacha vidonge wenyewe wakipata mafua ili kinga irudi, na kinachorudi kinaushambulia moyo.

Oksijeni, usiku mrefu, kisha nyumbani. Kipimo cha nyama ya moyo cha mwezi uliofuata kilionyesha dalili ndogo za mwili kuukataa moyo. Nilimuuliza daktari kama ni virusi au ni ile dozi iliyopunguzwa. Akasema huenda kimojawapo, huenda vyote, huenda hakuna. Kaka mwenyewe anasema hakupewa moyo ili afungiwe ndani, na siku ya Idi anataka watoto wote wamkumbatie. Mimi na wifi hatujakubaliana naye, wala hatujui umbali upi ni wa haki kumdai.