Presha yangu, usukani na vilima vya Kimara

Mashine ya presha iliposoma 168/104 nilimwambia daktari imeharibika. Akahamishia mkanda mkono wa kushoto: 166/102. Nilikuwa na miaka 51, mwaka wa 14 nikiendesha basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, na nilijihesabu mtu wa kazi za nguvu. Nikamwambia kila safari natoka jasho chapachapa, mazoezi gani tena? Akanijibu kwa upole: "Baba, jasho la usukani si la mazoezi."

Nilichukua muda kulielewa neno lile. Pale mlima Kitonga, lori limezima kwenye kona na nyuma yako una abiria zaidi ya 50, moyo unakwenda mbio kweli. Adrenalini, homoni ya mshtuko, inamwagika, presha inapanda, kama ya mtu anayekimbia. Ila miguu yako imetulia. Anayekimbia misuli yake inadai damu, mishipa ya miguuni inatanuka, na akishapumzika presha yake hushuka kwa saa kadhaa, hata chini ya ilivyokuwa mwanzo. Mimi nikimaliza Kitonga nilikuta ratiba imechelewa na tajiri mwenye basi yuko kwenye simu. Tabu yangu haikuwa na mapumziko.

Daktari akanisimulia mambo ya London. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Mabasi yale yale, barabara zile zile! Habari hiyo ilinigusa kuliko ushauri wote.

Nilipewa dawa na kuambiwa nitembee. Nikaanza vibaya. Jumapili ya kwanza nilitoka mbio kuelekea Kimara Mwisho, kizunguzungu kikanikamata njiani nikakaa chini. Daktari alinigombeza: presha ikiwa juu vile, mwili unazoeshwa taratibu. Ndipo nikashika dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 kwa wiki, yaani zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linasisitiza. Kipimo changu cha mwendo kilikuwa pumzi: niweze kuongea, nisiweze kuimba. Nikiwa nyumbani natoka saa 11 alfajiri kabla ya jua. Nikilala Mbeya nazunguka mitaa ya karibu na stendi. Vilima vya Kimara sikuvigusa mpaka mwezi wa tatu wa kutembea.

Mapigo ya moyo nikiwa nimetulia yalikuwa 86 kwa dakika. Baada ya miezi 7 yakawa 70, kwa sababu moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi zaidi kila pigo. Presha ikawa 132/84. Hapo nikafanya kosa ambalo namwomba kila dereva asilirudie: nilijiona nimepona, nikaacha vidonge bila kumuuliza daktari. Wiki chache tu, 158/98. Nikarudi kwenye dawa, na kutembea sikuacha.

Kilichonishikilia zaidi ni baba yangu. Alipigwa kiharusi, na baada yake akawa anasahau hata majina yetu watoto wake. Presha huharibu mishipa midogo ya ubongo kimya kimya, na ubongo ukitulia tu unakula karibu moja ya tano ya oksijeni ya mwili wote. Daktari alinieleza utafiti wa Marekani wa mwaka 2011: wazee 120, nusu wakitembea, nusu wakinyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilikuwa imekua kwa asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wale wengine ilipungua. Niliposikia hivyo nilitamani ningemwambia baba mapema.

Kitonga bado kinanitoa jasho. Ila sasa, tukifika Ilula kwa chakula, sikai mezani kwanza. Nazunguka uwanja dakika 15 kwa mwendo wa haraka mpaka nisikie mabega yamelegea, ndipo naagiza wali. Konda anajua, hanisumbui. Safari iliyopita abiria watatu, akina mama wa makamo, waliniuliza ninafanya nini, kisha wakajiunga nami mzunguko wa mwisho.